Maji ya Kiunoni

Mwezi Julai, katika magorofa ya mtaa wa Najma mjini Doha, bomba la maji baridi hutoa maji ya moto. Matangi yako juu ya paa, jua linayapiga tangu asubuhi, na wapangaji wa mtaa huo, waliotoka Bara Hindi, Ufilipino, Misri, Sudani na kwetu Afrika Mashariki, wamezoea ujanja unaomshangaza mgeni: huzima hita ya bafuni wakayatumia maji yaliyotulia ndani yake kama maji baridi, kwa kuwa angalau hayo yamekaa kivulini. Najma kwa Kiarabu ni nyota, na pwani yetu ni jina la binti. Pale Doha ni mtaa wa maduka, vinyozi, mikahawa na nyumba za kupanga, uliokua zama za mafuta mji ulipopanuka kuelekea Barabara ya Mzunguko ya C. Bomba lake linafaa kuanzia historia ya jambo ambalo kwa haraka halionekani kuhusiana nalo, yaani zoezi la kumtembeza majini mtoto ambaye miguu yake haimbebi nchi kavu. Mabwawa yanayojengwa kwa kazi hiyo hutunzwa kwenye nyuzijoto 33 hadi 35 hivi, na wanaoandika historia ya tiba hii hupenda kuisimulia kama hadithi ya maji yenyewe: chemchemi za moto, mabwawa ya gharama, hita na vichujio. Nadhani mkazo wameuweka pasipo pake. Maji ya moto hayajawahi kuwa adimu kiasi hicho. Najma yanatoka kwenye paa bila mtu kuwasha moto. Kilichokuwa haba, katika kila mji na kila zama, ni vitu viwili: ruhusa ya mtoto huyo kuingia majini, na mikono ya mtu aliyefunzwa kuingia naye.

Tuyatazame kwanza maji yanafanya nini, kwa sababu hoja yote inasimama hapo. Mtu akisimama kwenye maji yanayomfika kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzito wake. Yakimfika kifuani hubeba kama theluthi, na yakimfika shingoni kinachobaki ni karibu sehemu moja ya kumi. Mtoto wa kilo 20 ambaye misuli yake ina nguvu ya kubeba kilo 7 hatembei nchi kavu hata umpe moyo namna gani. Mwingize kwenye maji ya kifuani na hesabu inabadilika. Huu ni mzani uliojulikana tangu Archimedes wa Siracusa, karne ya 3 kabla ya Kristo. Lakini kuelea ni nusu ya habari. Maji ni mazito kuliko hewa, hivyo mtu huanguka ndani yake polepole. Nchi kavu mtoto mwenye mtindio wa ubongo akipoteza mizani huwa ameshafika chini kabla mwili haujapata nafasi ya kujirekebisha, na baada ya kuanguka mara kumi hujifunza jambo moja, kuogopa. Majini kuanguka kuna muda ndani yake: mwili hupata nafasi ya kuinamia upande wa pili, mkono hupata nafasi ya kupiga maji, na mguu hupata nafasi ya kutafuta sakafu. Juu ya hayo joto huilegeza misuli iliyokakamaa, na maji hukinza kila hatua kiasi kwamba kutembea pole ndani yake ni kazi ya kutosha. Ndiyo maana zoezi hili limewafaa watoto wa maradhi tofauti kabisa, wale waliopooza miguu kwa polio, wenye mgongo wazi, wenye mtindio wa ubongo, ingawa sababu za ulemavu wao hazifanani hata kidogo.

Doha haikuyaona maji kwa jicho hilo kwa muda mrefu wa historia yake. Kabla ya mafuta mji huu uliishi kwa lulu, na bahari ilikuwa mahali pa kazi iliyouvunja mwili. Msimu mkubwa wa kupiga mbizi ulichukua miezi ya joto, kama minne hivi. Mpiga mbizi, ghais, alishuka na jiwe mguuni, akakusanya chaza kwa pumzi moja, kisha akavutwa kwa kamba na mwenzake aliyebaki chomboni, saib. Wavulana wadogo walipanda vyombo hivyo kama watumishi na wanagenzi. Wengi wa wapiga mbizi walipoteza usikivu, wengine macho. Na miongoni mwa waliozamishwa humo walikuwamo watu wa asili ya Afrika Mashariki waliopelekwa Ghuba kama watumwa. Nyumba ya Bin Jelmood, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Msheireb, imejengwa kwa ajili ya kuisimulia habari hiyo, na utumwa wenyewe ulifutwa rasmi nchini Qatar mwaka 1952 tu. Jambo moja katika kazi ile ya lulu halistahili kupitwa, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya kikatili. Hakuna aliyeshuka peke yake. Kila ghais alikuwa na saib wake, na uhai wa mmoja ulikaa mikononi mwa mwingine. Elimu ya kwamba mwili ulio majini unahitaji mwili mwingine unaoulinda haikuletwa Ghuba na daktari kutoka Ulaya. Ila ilitumika kutafuta lulu, na mtoto ambaye hakuweza kusimama hakuwa na nafasi katika mkataba huo.

Nchi kavu nako, maji matamu yalikuwa bidhaa. Mji ulichota kwenye visima, na kisima cha Mushayrib ndicho kilichoacha jina lake kwenye mtaa ambao leo una vioo na reli ya chini kwa chini. Wachukuzi wa maji, makandari, walitembeza makopo yaliyoning'inia kwenye mti wa mabegani, nyumba hadi nyumba. Katika mji wa namna hiyo kujaza shimo zima la maji kwa ajili ya miguu ya mtoto mmoja kungekuwa kichekesho. Mafuta yalianza kusafirishwa siku ya mwisho ya mwaka 1949. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Doha ikapata mtambo wake wa kwanza wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Mwaka 1957 ikafunguliwa hospitali ya Rumailah kando ya ghuba. Mwaka 1982 hospitali kubwa zaidi ya Hamad ilipofunguliwa jirani, Rumailah iligeuzwa taratibu kuwa mahali pa utengamao, yaani pa watu wanaorudishiwa uwezo wa mwili, watoto wakiwemo. Kituo cha Shafallah cha watoto wenye ulemavu kilianzishwa mwaka 1999, sheria ya haki za watu wenye mahitaji maalumu ikaja mwaka 2004, na katika muongo wa 2010 taasisi mpya ya utengamao yenye mabwawa ya tiba ikajengwa katika mji wa hospitali wa Hamad Bin Khalifa. Ukizipanga tarehe hizi utaona pengo ambalo hadithi ya maji na mali haiwezi kulieleza. Fedha za mafuta zilikuwapo tangu miaka ya 1950, na maji yaliyosafishwa vilevile. Lakini kati ya bomba la kwanza na sheria ya mtoto mwenye ulemavu pamepita nusu karne.

Pengo kama hilo liko hata kule ambako tiba hii inadaiwa kuzaliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa Marekani au Ulaya aliyepooza kwa polio alifungwa mguu kwenye plasta ngumu, hogo kama wasemavyo Watanzania, akalazwa miezi mingi asitikisike. Imani ya madaktari ilikuwa kwamba mguu mgonjwa upumzishwe. Mwaka 1924, daktari wa mifupa Charles Lowman wa Los Angeles, aliyekuwa ameona watoto waliopooza wakifanyishwa mazoezi ndani ya matangi ya mbao kwenye shule moja ya Chicago, alirudi kwake akaligeuza bwawa la mayungiyungi la hospitali kuwa mabwawa ya mazoezi. Maji yalikuwa pale siku zote, yakipendezesha bustani. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, mwanasiasa Franklin Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921, alifika kwenye chemchemi za Warm Springs katika jimbo la Georgia, baada ya kusikia habari za kijana mmoja aliyepata nafuu kwa kuogelea humo majira kadhaa ya joto. Maji yale yalikuwa na nyuzijoto 31 hivi. Roosevelt alipata ndani yake hatua ambazo hakuzipata nchi kavu. Akanunua mahali hapo mwaka 1926, na mwaka uliofuata akaanzisha wakfu wa tiba. Hakupona. Alikufa mwaka 1945 akiwa rais ambaye hakuwahi kutembea tena bila vyuma na mkono wa kushikilia. Hilo nitalirudia, kwa sababu wapinzani wa tiba hii wanalo mdomoni.

Chemchemi ya Warm Springs ilitoka ardhini kwa kila mtu, lakini haikumpokea kila mtu. Wagonjwa Weusi hawakulazwa pale. Ili kuziba aibu hiyo, mfuko wa taifa wa kupambana na polio, ulioanzishwa mwaka 1938 kwa ushawishi wa Roosevelt mwenyewe, ulitoa fedha za kujenga kituo tofauti katika chuo cha Tuskegee, Alabama, kilichofunguliwa Januari 1941 na vitanda 36. Wakati huo walikuwapo madaktari waliosema kwa uso mkavu kwamba watu Weusi hawapati polio sana, na kwa hiyo hawahitaji mabwawa. Kauli hiyo ilisafiri. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba polio si tatizo la Afrika wala la nchi za joto, mpaka watafiti walipokwenda Ghana katika miaka ya 1970 kuhesabu watoto wanaochechemea, shule kwa shule na kijiji kwa kijiji, wakakuta kiwango kisichopungua kile kilichoitia Marekani hofu kabla ya chanjo. Wala Ghuba haikusalimika: Oman, nchi ambayo familia nyingi za Waswahili zina ndugu ndani yake, ilipata mlipuko wa wagonjwa 118 mwaka 1988 na mwanzoni mwa 1989, wakati ambapo chanjo ilikuwa tayari imewafikia watoto wengi. Asiyehesabiwa hachimbiwi bwawa. Huo ndio upande wa kwanza wa hoja yangu, upande wa ruhusa.

Upande wa pili, wa mikono, una tarehe yake na mahali pake. Mwaka 1949 mhandisi Mwingereza, James McMillan, mjuzi wa mwendo wa maji na wala si daktari, alianza kufundisha kuogelea katika shule ya wasichana wenye ulemavu iliyoitwa Halliwick, kaskazini mwa London. Alilitazama tatizo kama fundi wa meli anavyotazama chombo kinacholala upande. Mwili wa binadamu wenye pande mbili zilizo sawa huelea sawasawa. Mwili ambao mguu mmoja umekonda, au mkono mmoja umekunjamana, hugeuka. Kwa hiyo kitu cha kwanza kumfunza mtoto si kupiga hatua bali kuuzuia mgeuko: kulala chali na kuinuka, kubingirika na kujirudisha, kupuliza maji yanapofika mdomoni. Njia yake ilikuja kupangwa katika hatua kumi, ya kwanza ikiwa ni kuzoea maji kwa akili kabla ya mwili. Aliyakataa maboya na viokozi vya kuvaa, akisema vinamwinua mtoto kwa namna ambayo mwili wake hautakuwa nayo vikivuliwa. Badala yake aliweka kanuni ya mtoto mmoja na msaidizi mmoja, wote wawili majini, macho kwa macho, na msaidizi akipunguza mshiko kila mtoto anapoongeza uwezo. Kufundisha kulifanywa kwa michezo na nyimbo, kundi zima likizunguka. Ukisoma kanuni hizo baada ya kusoma habari za lulu, ghais na saib wanarudi akilini, isipokuwa hapa saib ameshuka majini na kamba imekuwa kiganja. McMillan hakubuni maji ya aina mpya wala hita bora. Shule ile ilitumia bwawa la kuogelea kama mabwawa mengine. Alichobuni ni mshiko.

Afrika Mashariki ilikwenda njia nyingine, na haifai kuibeza. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya kilianza mwaka 1958. Shule ya Joytown ya Jeshi la Wokovu ikafunguliwa Thika mwaka 1962. Na Kampala, katika hospitali ya Mulago, daktari wa mifupa Ronald Huckstep alitumia miaka ya 1960 kukabili msururu wa watoto waliotambaa kwa magoti. Jibu lake lilikuwa chuma: vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyotengenezwa papo hapo na mafundi wa hapo hapo, magongo, na upasuaji mdogo wa kunyoosha viungo vilivyokunjamana. Mwaka 1975 alichapisha mwongozo wa polio ulioandikwa makusudi kwa nchi zisizo na mali. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtu mwenye akili hiyo hakuchimba mabwawa. Jibu ni rahisi, na ni hoja nzito dhidi yangu: chuma huenda nyumbani na mtoto, bwawa haliendi. Mtoto wa Karamoja au wa Kigezi alikaa Mulago wiki kadhaa, kisha akarudi kwenye kilima kisicho na hata mto wa kina cha magoti. Vyuma alivyovaa vilimfikisha shuleni. Kumbukumbu ya maji isingemfikisha popote. Huckstep alichagua sawa kwa mtoto wa bara. Ila uamuzi uliofaa Karamoja ulirithiwa ukawa desturi ya kote, hata mahali ambapo mtoto anayetambaa analala hatua mia mbili kutoka baharini.

Kwa maana pwani yetu ina kila kitu ambacho Los Angeles ililazimika kukijenga. Maji ya Bahari ya Hindi kati ya Lamu na Kilwa huwa kwenye nyuzijoto 25 hadi 30 mwaka mzima, pungufu kidogo ya bwawa la tiba lakini si baridi ya kumkakamaza mtoto anayetikisa mwili. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, mwamba huyavunja mawimbi mbali na kuacha nyuma yake maji matulivu juu ya mchanga laini. Na kuna kupwa na kujaa. Bwawa la kisasa lenye sakafu inayopandishwa na kushushwa kwa mitambo ni fahari ya hospitali tajiri. Pwani, mwezi hufanya kazi hiyo mara mbili kwa siku, na mama yeyote wa Makunduchi anajua bila kutazama karatasi kama leo ni bamvua au maji mafu. Wala wazo la maji kama tiba ya viungo si geni kwetu. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Kitagata, magharibi mwa Uganda, watu wenye maumivu ya mifupa huketi kwenye chemchemi za moto tangu zamani. Oman watu huzifuata chemchemi za Nakhal na Rustaq kwa haja hiyohiyo. Katika desturi zote hizi, lakini, mgonjwa huketi. Hukandwa, huroweshwa, humwagiwa. Hatua ya kumsimamisha mtoto ndani ya maji na kumwachia kidogo kidogo ndiyo iliyokosekana, na hatua hiyo haihitaji fedha nyingi. Kitabu cha David Werner kuhusu watoto wa vijijini wenye ulemavu, kilichotoka mwaka 1987 kutokana na kazi ya kijiji kimoja cha milimani Mexico na kikasambaa sana miongoni mwa wafanyakazi wa utengamao katika nchi maskini, kinaeleza mazoezi ya majini pamoja na jinsi ya kutengeneza magongo ya matawi.

Hapo msomaji wa pwani atanikatiza, na ana haki. Bahari inaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu watu laki 3 hufa maji kila mwaka duniani, sehemu kubwa wakiwa watoto, na wengi wa watoto wetu wa pwani, wakiwemo watoto wa wavuvi, hawajui kuogelea. Mama anayemzuia mtoto mwenye kifafa au miguu dhaifu asikaribie maji hafanyi ujinga, anafanya hesabu. Nakubaliana na hesabu yake ilivyo leo. Lakini anachokihesabu ni maji yasiyo na saib. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulifundisha wasichana kuogelea na kuokoa, wakivaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na hivyo pingamizi la pili, la sitara, ambalo lilionekana kuwa ukuta, likawa suala la kushona nguo na kupata walimu wa kike. Picha za wasichana wale wakielea chali zilipata tuzo za kimataifa mwaka 2018, na walimwengu wakazitazama kama habari za uhuru wa wanawake. Mimi naziona pia kama habari ya mikono. Mtu anayejua kumshika mwenzake chini ya mabega na kumlaza juu ya maji ya kiunoni yuko nusu ya njia kuelekea hatua ya kwanza ya McMillan.

Pingamizi gumu zaidi linatoka hospitalini. Tafiti za mazoezi ya majini kwa watoto wenye mtindio wa ubongo si nyingi, na nyingi kati yake zina watoto wachache, makumi tu, kila mmoja na ulemavu wa namna yake. Maendeleo yanayoonekana ndani ya maji si lazima yamfuate mtoto akipanda nchi kavu. Roosevelt mwenyewe ni shahidi: miaka ishirini ya maji na bado vyuma. Siwezi kulikwepa pingamizi hili, na nadhani anayelikwepa anawauzia wazazi matumaini ya uongo. Kutembea majini si njia ya mkato ya kutembea barabarani. Kwa watoto wengine ni hatua ya maandalizi, pumzi ikiongezeka na maungo yakinyooka. Kwa wengine, wale ambao ubongo wao hautawaruhusu kamwe kusimama wenyewe, dakika thelathini za maji ndizo pekee katika wiki nzima ambapo wanakwenda wanakotaka bila kubebwa. Tiba inapimwa kwa kile inachodai kutoa. Plasta ngumu ya mwaka 1910 ilidai kuponya na ikakondesha misuli. McMillan hakudai kuponya. Alidai kumfanya msichana wa Halliwick awe mwogeleaji, na wasichana wale wakaogelea. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na anayeyapima kwa miguu ya ngamia atayaona bure.

Kuna atakayesema pia kwamba kuilinganisha Doha na Mulago, au na Makunduchi, ni kulinganisha hazina na kibubu. Ingekuwa hivyo kama fedha ndiyo ingekuwa kizuizi. Turudi Najma. Mtaa huo uko umbali mfupi wa gari kutoka hospitali za Rumailah na Hamad, na kituo cha reli cha Al Mansoura, mwisho wa njia ya kijani iliyofunguliwa mwaka 2019, kiko mtaa wa jirani. Mabwawa ya tiba yapo, maji yapo, wataalamu wapo. Bado mtoto wa mpangaji anahitaji mtu wa kumpeleka mara mbili au tatu kwa wiki katikati ya saa za kazi za wazazi, na bila mazoezi kati ya siku moja ya bwawa na nyingine faida hupotea. Na hapa kuna jambo ambalo wanahistoria wa Ghuba wanapaswa kulitazama. Katika nyumba nyingi za Doha anayemwogesha mtoto, anayemgeuza kitandani na kumbeba hadi garini, ni mfanyakazi wa ndani, na idadi kubwa ya wanawake hao siku hizi wanatoka Kenya, Uganda na Ethiopia. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 iliweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Haikusema lolote kuhusu kumfunza mtu huyo ujuzi. Mikono ya Afrika Mashariki ilivuta kamba za lulu za Ghuba bila ujira. Leo inashika watoto wa Ghuba kwa ujira, na karibu kila siku inawashika karibu na maji, kwenye beseni la kuogea, bila yeyote kuionyesha mshiko wa chini ya mabega. Mwanamke huyo akifunzwa wiki mbili, mtoto wa Doha anapata msaidizi wa kila siku. Naye mkataba ukiisha, anarudi Kilifi au Jinja na kitu ambacho hakuna uwanja wa ndege unaoweza kukipima uzito kwenye begi.

Kitu kimoja Doha ilikipoteza njiani, na hakikupotea kwa umaskini. Ghuba iliyokuwa mbele ya mji wa zamani ilikuwa na kina kifupi, na maji yalipokupwa vyombo vililala ubavu kwenye tope. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ghuba hiyo ilichimbwa na kujazwa ili kupata ile Corniche inayopigwa picha na kila mgeni, ukingo wa mawe na njia ya kutembea kwa miguu, mahali pazuri kwa mwenye miguu. Mteremko wa mchanga ambao mtoto angeuingia kidogo kidogo, kifundo, goti, paja, haupo tena pale. Familia ya Najma inayotaka bahari ya namna hiyo hupanda gari kwenda Al Wakrah, mji wa zamani wa wapiga mbizi, kama kilomita 15 kusini. Ufuko wa huko umelala sana. Mwezi Agosti maji yake huwa na joto la bwawa la tiba, au hata kulipita, kwa hiyo watu huenda jua likishazama. Na yakikupwa, mtu mzima hutembea mbali sana, amemshika mtoto mikono miwili, kabla hayajamfika mtoto kiunoni.